Mwalimu Wangu Anataka Saksafoni Yake

Hujambo Shangazi?

Mimi ni kijana wa miaka 29, mkazi wa Umoja, na kazi yangu ni kupuliza saksafoni. Sina nyingine. Mama yangu hadi leo anaiita tarumbeta, na kila nikimtembelea huuliza kama tarumbeta inalipa kodi ya nyumba. Mwaka huu ndio wa kwanza ninaoweza kumjibu kwamba inalipa, na ndio mwaka ambao mtu aliyenifundisha amenikataa.

Nilianza nikiwa darasa la saba, katika bendi ya kanisa mtaani kwetu. Mwalimu wangu ni mzee wa Kaloleni aliyepuliza miaka mingi katika bendi ya serikali mpaka akastaafu. Mchana alivaa sare akapiga muziki wa gwaride, na usiku, miaka ya 1970 na 1980, alikuwa akipiga na bendi za rumba hapa mjini. Yeye ndiye aliyenisikilizisha Charlie Parker na John Coltrane, wapuliza saksafoni wa jazz wa Marekani, kwenye kaseti, akanikalisha nizipulize zile solo noti kwa noti mpaka mdomo ukavimba. Nilipomaliza kidato cha nne na karo ya kuendelea haikuwepo, alinikabidhi saksafoni yake ya alto. Hakusema amenipa, wala hakusema amenikopesha. Alisema tu, "Shika, isipate vumbi." Miaka 11 imepita.

Kwake ndiko tulikokuwa tukikutana kila Jumanne jioni, mimi na wenzangu watatu wa kinanda, besi na ngoma, kupiga jazz yenyewe bila malipo. Siku nyingine natafuta riziki. Alhamisi na Ijumaa napuliza juu ya muziki wa diijei katika lounji moja ya Westlands, amapiano na Afrobeats, kuanzia saa nne hadi saa nane usiku. Jumamosi ni harusi au ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Jumapili napiga katika ibada mbili. Mwezi mzuri napata hadi 85,000, mwezi mbaya 30,000.

Mwishoni mwa mwaka jana prodyuza mmoja aliniita studio nipulize katika wimbo wa vijana wa gengetone, ile rap ya mitaa ya Nairobi. Nilikaa dakika ishirini, nikabuni kipande cha mwanzo papo hapo, akanitumia shilingi 4,000 kwa M-Pesa nikaenda zangu. Wimbo ulitoka Februari na sasa uko katika kila matatu. Watu wanakiimba kile kipande changu kabla maneno hayajaanza. Jina langu halipo popote.

Mwalimu aliusikia, akaambiwa ni mimi. Aliwaambia wenzangu kwamba nimetoka kwenye muziki nikaingia kwenye kelele. Mimi mwenyewe sijafika Jumanne tangu wimbo utoke, kwa sababu ya uchovu, maana hata mazoezi nimekosa pa kuyafanyia. Nilikuwa nikipulizia juu ya paa la ploti yetu, katikati ya nguo zilizoanikwa, lakini wapangaji walilalamika na msimamizi akaufunga mlango. Mwezi uliopita mzee akaniandikia maneno matatu: "Lete saksafoni yangu." Nilimpigia mara moja, hakupokea. Nimefikiria hata kuituma kwa boda ili nisimwone uso.

Wakati huohuo mwimbaji mmoja mkubwa wa injili ananitaka katika bendi yake, shilingi 70,000 kwa mwezi, miaka miwili, na safari za nje. Sharti ni kwamba nisipige wala kurekodi na mtu mwingine bila idhini yake. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikiirudisha alto sina nyingine, na akiba yangu ni 48,000.

Shangazi, ni kweli nimeuacha muziki? Niirudishe? Nitie sahihi?

Mpuliza Alto, Umoja

*

Mwanangu,

Saksafoni usiitume kwa boda, na mkataba usiutie sahihi wiki hii. Kwanza tuongee kuhusu Jumanne.

Unaamini mwalimu wako amekukataa kwa sababu ya gengetone. Mimi sidhani. Mtu aliyepiga gwaride mchana akiwa na sare, jioni akabadili shati na kwenda kupiga rumba, hawezi kuwa adui wa kuchanganya mitindo. Amekula kwa kuchanganya mitindo. Nairobi ya ujana wake ilikuwa imejaa wanamuziki kutoka Kongo, Les Mangelepa wakaanzishwa hapahapa mwaka 1976, na bendi za dansi zilitaka watu wa kupuliza. Yeye alikuwa mmoja wao.

Hata hilo neno analolilinda, jazz, tazama lilivyoishi kwetu. Morogoro Jazz, Dar es Salaam Jazz, Shirati Jazz, na kule Kongo OK Jazz ya Franco na African Jazz ya Joseph Kabasele: hakuna kati ya hizo iliyojulikana kwa kupiga muziki wa Charlie Parker. Walipiga dansi, rumba, benga. Wazee wetu waliliokota neno hilo na kulifanya jina la bendi inayojua kazi yake na kuinua watu vitini. Na wapuliza saksafoni wakubwa wa bara hili walipita katika milango hiyo. Manu Dibango wa Kameruni, aliyeipenda jazz tangu ujana wake Ufaransa, alikaa na Kabasele katika African Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1960 akipiga rumba ya watu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, na hakupungukiwa na kitu. Verckys, mpuliza saksafoni wa Kongo, aliingia OK Jazz mwaka 1963, akapuliza humo hadi 1969, akatoka na kuanzisha Orchestre Vévé na lebo yake mwenyewe. Mwalimu wako anawajua watu hawa kuliko ninavyowajua mimi.

Kwa hiyo rudi kwenye barua yako. Kuna mambo mawili umeyaandika mbalimbali kana kwamba hayajuani. Wimbo ulitoka Februari. Jumanne uliacha Februari. Yeye hajui habari ya uchovu wako wala ya mlango wa paa uliofungwa. Anachojua ni kwamba tangu uanze kusikika kwenye matatu, hujakanyaga kwake. Na matatu za Umoja zinazopita Jogoo Road hukupitisha jirani na Kaloleni kila unapokwenda mjini. Mzee aliyekupa chombo chake bila kuandikishana anahesabu mambo kama hayo. Ulimpigia simu mara moja, mwanangu. Mara moja kwa mtu ambaye umeishika alto yake miaka 11, na kabla ya hapo miaka yote ya bendi ya kanisa!

Sasa hayo mazoezi. Hapa ndipo ninapomwunga mkono mzee, na nakuomba usikasirike.

Niliimba miaka tisa katika bendi ya hoteli hapa Nairobi kabla sijaanza kujibu barua za watu. Tulikuwa na mpuliza saksafoni ya tenor, kubwa kuliko alto yako, mtu mkimya, aliyefika saa nzima kabla yetu. Alisimama kwenye ujia wa kwenda jikoni, wapishi wakimpita na masufuria, akashikilia noti moja mpaka pumzi imwishie. Kisha noti inayofuata. Hakupiga wimbo wowote hapo. Jukwaani tulipiga rumba, rege, chakacha, nyimbo za Krismasi, chochote mgeni alichoomba, na ungefumba macho ukajua ni yeye kwa noti ya kwanza. Mitindo ilibadilika, sauti ilibaki. Hiyo sauti aliitengeneza pale kwenye ujia, haikutoka kwenye mitindo.

Wewe sasa unapulizia kazini tu. Kazini una mikrofoni, una mwangwi wa mashine, una ngoma za diijei zinazofunika kila kitu. Noti ikitetemeka hakuna atakayejua. Miezi sita ya hivyo na wewe mwenyewe hutajua. Nadhani mzee alisikia jambo hilo kwenye ule wimbo, akaliita kelele kwa sababu alikuwa na uchungu na hakupata neno jingine.

Siidharau kazi ya lounji. Amapiano hukaa palepale kwa muda mrefu, haikupi mfuatano wa kodi (chords) wa kujificha nyuma yake, kwa hiyo kinachobaki ni sauti yako na mahali unapoiweka katika mapigo. Hiyo ni shule, kama utaingia ukijua unasoma. Ibada nayo ni shule ya kuuacha wimbo upumue na waumini. Na wapiga gitaa wa kanisani na wa rumba wanaopenda funguo za E na A wanakusukuma wewe wa alto, ambayo ufunguo wake huandikwa tofauti na wa gitaa, kwenye C# na F#, vidole vinajikunja, na ukizoea huko hakuna ufunguo utakaokutisha tena. Ila hakuna shule kati ya hizo itakayokutunzia sauti. Ya sauti unaifanya peke yako, na kwa hilo unahitaji mahali.

Unamjua Sonny Rollins, mpuliza saksafoni wa Marekani, bila shaka kaseti zake zilikuwepo. Mwaka 1959 alikuwa tayari na jina kubwa, ana umri kama wako, akaacha kupanda jukwaani kwa sababu hakuridhika na upigaji wake. Alikaa kwenye nyumba ya kupanga mjini New York, na kelele zake zingewasumbua majirani. Akachukua saksafoni yake ya tenor akaenda kupulizia juu ya daraja la Williamsburg, treni na magari yakipita, hadi mwaka 1961. Mtu huyohuyo alikuwa amesharekodi kalipso, muziki wa visiwa walikotoka wazazi wake, na mwaka 1981 akasikika katika albamu ya Rolling Stones, kundi la roki. Hakuna anayesema Rollins aliuacha muziki.

Daraja lako liko wapi? Usijaribu kuziba mdomo wa saksafoni kwa soksi au taulo. Sauti hutokea kwenye matundu yote yaliyo wazi, kwa hiyo utaziba noti chache za chini tu na majirani watasikia zilizobaki. Mwendee mchungaji wa zile ibada mbili. Unamhudumia kila Jumapili. Mwombe ufunguo wa ukumbi asubuhi tatu kwa wiki, ambapo hakuna mtu ila mfagiaji. Akikataa, zungumza na msimamizi wa ploti kuhusu saa fulani za mchana, watu wakiwa kazini, na uwaendee wale wapangaji wawili watatu waliolalamika, mlango kwa mlango. Watu wa Umoja wanavumilia kanisa la ghorofa ya chini na baa ya ghorofa ya kwanza. Wanachochukia ni kutoulizwa.

Kuhusu ule wimbo wa Februari. Uliingia studio bila karatasi, kama wapulizaji wengi wa mji huu, lakini si kwamba huna kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mpiga ala kuwa mtumbuizaji mwenye haki zake katika rekodi, hata kama jina kubwa ni la mwingine. Hiyo ni haki moja. Ya pili ni ya utunzi. Kama kipande cha mwanzo ulikibuni wewe, hukuimbiwa na prodyuza ukakirudia, una hoja kwamba wewe ni mmoja wa watunzi. Usizichanganye haki hizo mbili unapozungumza, kwa sababu malipo yake yamezoea kukusanywa na vyama tofauti. PRISK kimejulikana kwa watumbuizaji, MCSK kwa watunzi. Kabla hujalipa ada popote, uliza Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ni chama kipi kina leseni mwaka huu, maana leseni hizo si za kudumu.

Leo jioni tafuta ule ujumbe wa M-Pesa wa shilingi 4,000 uuhifadhi, na mazungumzo ya WhatsApp ya siku ile, na kama ulijirekodi kwa simu ukijaribu kile kipande, rekodi hiyo ni mali. Kisha mwandikie prodyuza kwa upole. Mwombe jina lako liandikwe kwenye majukwaa yote wimbo ulipo, na mkae mzungumzie mgao. Usianze na wakili. Vijana wale huenda wao wenyewe hawakuandikishana. Lakini usinyamaze pia. Dibango alitoa "Soul Makossa" mwaka 1972 kama upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Kameruni. Miaka kumi baadaye Michael Jackson akatumia kiitikio cha wimbo huo katika albamu yake bila ruhusa. Dibango alidai, na wakamalizana nje ya mahakama. Alikuwa na jina na rekodi mkononi. Wewe una M-Pesa na sauti ya simu, na vinatosha kuanzia mazungumzo.

Mkataba wa injili. Sina neno baya juu ya mwimbaji huyo, na 70,000 za kila mwezi, Januari ikiwemo, ni pesa ya kuheshimiwa na mtu anayeijua Januari ya wanamuziki. Ila soma sharti lake tena: hata Jumanne, usiku usio na malipo, sebuleni kwa mzee, utahitaji idhini. Mtu anakulipa kwa siku atakazokuita na anazishika hata asizokuita. Mwambie hivi: anipe tarehe zake mwezi mmoja kabla, hizo ni zake, sitazigusa, zilizobaki ni zangu. Kurekodi kulipwe mbali na mshahara, kwa karatasi, na jina langu liwemo. Safarini alale nani wapi, nikiugua nani analipa hospitali, alto ikivunjika uwanja wa ndege nani anatengeneza. Kila upande uweze kuvunja mkataba kwa notisi. Lipa wakili hata wa saa moja ausome. Mwimbaji anayekuhitaji kweli atakubali mengi ya hayo. Akiyakataa yote, utakuwa umejua miaka miwili hiyo ingekuwaje, na bado una Westlands na harusi zako.

Saksafoni ni ya mzee. Sitaki ujidanganye kwa hilo. Miaka 11 haikuifanya yako, kwa kuwa hakutamka. Akiitaka mkononi, mpe, ikiwa imesafishwa na koki (cork) ya shingo imebadilishwa, na hiyo 48,000 itafute alto ya bei nafuu ya kushikia kazi. Lakini mpe ana kwa ana.

Nenda Jumanne hii. Fika mapema, kabla wenzako hawajafika. Sukari na majani, usiende mikono mitupu. Asipokufungulia, usigombane na mlango. Rudi Alhamisi asubuhi na mama yako. Hata kama anaiita tarumbeta, huyo mzee alimlelea mwana, na mama ana neno la kumwambia ambalo wewe huwezi kulisema.

Akikufungulia, msalimie, mwombe radhi kwa zile Jumanne, na usieleze mambo ya uchovu. Fungua sanduku. Puliza noti ndefu mbele yake, moja moja, kama alivyokufundisha ukiwa darasa la saba, atakuambia mwenyewe imeharibika wapi. Akiuliza kuhusu ule wimbo, mpulizie kile kipande hapohapo, bila biti na bila mwangwi, akisikie kilivyo mdomoni mwako. Kisha umwulize yeye, zamani zile akitoka kupiga rumba alfajiri na sare ikimngoja, nani alimwambia ameuacha muziki, na alimjibu nini.